Ukishapunguzwa tumbo, sukari inapona au inalala tu?

#1 MtoaHoja
Salaam wakuu. Kwenye magrupu inazunguka sauti inayosema ukishapunguzwa tumbo kisukari kinaisha, insulini unamgawia jirani. Nimeuliza huku na huku: mmoja kanipa asilimia 80, wa pili 30, wa tatu anasema baada ya miaka kumi waliobaki bila dawa wanahesabika kwa vidole. Naongelea aina ya 2 na uzito mkubwa kweli, BMI (uzito ukipimwa kwa urefu) ya 35 kupanda. Nani mkweli hapo? Na neno ni lipi, kupona au kulala, yaani sukari kukaa sawa bila dawa ila inaweza kurudi?

#2 KitiChaMbele
Nimeshakaa. Wajuzi waje.

#3 MpigaPini
Wote watatu wanaweza kuwa wakweli. Inategemea umehesabu lini, ni operesheni ipi, na mstari wa "kupona" umechorwa wapi.

Ile 80 ni ya zamani. Walter Pories na wenzake, Greenville, North Carolina, waliandika mwaka 1995: wagonjwa 146 wa aina ya 2 waliofanyiwa baipasi (tumbo kubakizwa kifuko na chakula kurukishwa mwanzo wa utumbo), 121 sukari ikakaa sawa. Ile 30 ni ya Uswidi, mradi wa SOS: miaka 2 baada ya operesheni 72% walikuwa hawana kisukari tena, miaka 10 wakabaki 36%, miaka 15 kama 30%. Halafu kuna Roma, kundi la Geltrude Mingrone: mwaka wa pili waliofanyiwa baipasi 75% walikuwa huru, mwaka wa kumi 25%. Waliopewa dawa tu, mwaka wa pili hakuna hata mmoja.

Mtu akikutajia asilimia bila kutaja mwaka, mwache amalize chai yake.

#4 KongoshoTaabani
MpigaPini, hizo za Uswidi uziwekee alama nyekundu. Karibu 7 kati ya 10 walifungwa tumbo kwa pini za wima na ukanda, operesheni ambayo leo imeshaachwa. Waliopata baipasi ni 13% tu. Na Roma walikuwa watu 60 kwa makundi matatu, yaani 20 kila kundi. 25% ya watu 20 ni watu watano. Watano!

Kuhusu mstari: kwa makubaliano ya 2009 kupona kamili kulidai HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, kwa asilimia) chini ya 6.0 kwa mwaka mzima bila dawa. Tangu 2021 ni chini ya 6.5, miezi mitatu au zaidi tangu uache dawa. Mtu yule yule, damu ile ile: kwa mstari wa kwanza hajapona, kwa wa pili kapona.

#5 MpigaPini
Hapo umenibana, nakubali. Ila kama operesheni dhaifu ya zamani ilifikisha 30% miaka 15, hiyo inanisaidia mimi, haikusaidii wewe.

#6 Tausi_wa_Pwani
Mbona ile ya Cleveland, STAMPEDE, baada ya miaka 5 inasema waliopona baipasi ni 29%, slivu (kukata na kutoa sehemu kubwa ya tumbo) 23%, dawa 5%?

#7 KongoshoTaabani
Dada Tausi, hao hawakupimwa "kupona". Lengo lilikuwa HbA1c ya 6.0 au chini, awe anameza dawa au hamezi. Watu wengi wanaisoma hivyo hivyo kimakosa, hata kwenye slaidi za mikutano.

Ukitaka picha ya muda mrefu, angalia tafiti nne za Marekani zilizounganishwa na kutolewa 2024, watu 262. Mwaka wa 7: waliolala bila dawa ni 18% upande wa upasuaji, 6% upande wa dawa na mazoezi. Mwaka wa 12: karibu 13% dhidi ya sifuri. Narudia, waliolala.

#8 MpigaPini
Na katika hao hao, HbA1c ya waliopasuliwa ilibaki chini kuliko ya wenzao na dawa zao zilikuwa chache. Mtu aliyetoka sindano mbili kwa siku mpaka kidonge kimoja cha metfomini hajapona kwa mstari wako, lakini mwulize yeye kama amepoteza kitu. Figo na macho hayasomi makubaliano ya 2021, yanahesabu miaka ambayo sukari ilikuwa chini.

Hao hao Waswidi, ripoti ya 2020: waliopasuliwa waliishi takriban miaka 3 zaidi ya wenzao wanene wasiopasuliwa. Bado walikuwa pungufu kwa miaka kama 5 na nusu ukiwalinganisha na raia wa kawaida. Habari njema na habari mbaya kwenye sentensi moja.

#9 MtoaHoja
Asanteni. Sasa nielezeni hili: inakuwaje sukari inashuka siku ya tatu, mtu hata kilo mbili hajapoteza?

#10 MpigaPini
Hapo ndipo utamu. Kwenye baipasi tunatengeneza kifuko cha juu cha kama mililita 30, kikombe kidogo cha kahawa ya Mombasa hivi. Utumbo mwembamba unakatwa sentimita 50 mpaka 100 kutoka unapoanzia, ncha ya chini inapandishwa na kushonwa kwenye kifuko, na ule wa juu unaobeba nyongo na maji ya kongosho unaunganishwa sentimita 100 mpaka 150 mbele. Chakula hakigusi tena duodenamu, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba.

Francesco Rubino alijaribu kwa panya wembamba wenye kisukari. Aliruka duodenamu bila kupunguza tumbo, sukari ikashuka. Akairudishia njia ya chakula, sukari ikapanda. Kwa hiyo kuna kitu kwenye duodenamu kinachoharibu kazi ya insulini. Ukiikwepa, kinanyamaza.

#11 Homoni_Kidogo
Panya, mkuu. Panya! Kwa binadamu kinachoonekana ni mwisho wa utumbo: chakula kinafika chini haraka, seli za huko zinamwaga homoni ya GLP-1 mara kadhaa ya kawaida, kongosho linatoa insulini kwa wakati. Na slivu je? Duodenamu haijarukwa hata kidogo, tumbo limekatwa kwa urefu likabaki umbo la ndizi, robo tu ya lilivyokuwa, na sukari inashuka vilevile. Nadharia ya duodenamu inaielezaje slivu?

#12 KongoshoTaabani
Na nadharia ya GLP-1 inaelezaje kwamba ukiizuia homoni hiyo kwa dawa, mtu aliyefanyiwa baipasi sukari yake inapanda kidogo tu?

Jibu rahisi mnalikimbia: njaa. Wiki ya kwanza mtu anakunywa supu na maji, kalori mia chache kwa siku. Roy Taylor wa Newcastle aliwapa watu kalori 600 kwa siku bila kuwagusa na kisu. Ndani ya siku saba sukari ya asubuhi ilikuwa ya kawaida na mafuta ya kwenye ini yameshuka vibaya sana. Mafuta ya kongosho yakafuata taratibu, wiki nane. Na mwaka 2020 Samuel Klein na wenzake, St. Louis, walilinganisha watu wa baipasi na watu wa mlo, wote wakiwa wamepunguza uzito kiasi kile kile, karibu 18%. Ini, misuli, kongosho: tofauti hakuna. Kinachotibu ni uzito kushuka. Kisu ni gari tu la kukufikisha.

#13 Homoni_Kidogo
Watu 11 kila upande. Juzi ulikataa watano wa Roma, leo 11 wamekuwa taifa?

#14 KitiChaMbele
😂😂 Mpira umerudi kwa kipa.

#15 KongoshoTaabani
Haki yako. Lakini hao walipimwa kwa vipimo vya kina, si HbA1c ya kuchoma kidole.

#16 MpigaPini
Hata kama ni gari tu, twende na gari. Ule utafiti wa DiRECT wa Uingereza, wa maziwa ya unga kalori kama 850 kwa siku: mwaka wa kwanza 46% walilala bila dawa, wa pili 36%, na wa tano ni 13% tu ya walioendelea kufuatiliwa. Kupunguza uzito kwa njaa kunawezekana. Kukaa nao chini ndipo watu wanaposhindwa, na hapo homoni za Kidogo zinahusika hata kama hazishushi sukari moja kwa moja: zinaua hamu. Ghrelini, homoni ya njaa, nayo inatengenezwa zaidi kwenye lile fungu la juu la tumbo tunalolitoa kwenye slivu.

#17 DawaBaridi
Mnabishana sababu, hapa chini watu wanaumia na vitu vidogo. Naweka ya dawa.

Glibenklamidi na ndugu zake zinasimamishwa siku ya operesheni na hazirudi hovyo, maana mtu hali na kidonge kinasukuma kongosho. Insulini inapunguzwa mapema, mara nyingi nusu au zaidi tangu mlo wa maji kabla ya upasuaji, kisha inafuata kipimo cha kidole mara nne kwa siku. Metfomini inaweza kubaki, ila iwe ile ya kawaida inayosagika. Vidonge vikubwa vya kuyeyuka polepole vinapita bila kufanya kazi.

Na hii iandikwe kwa wino mweusi: dawa za jamii ya glifozini (dapaglifozini, empaglifozini) zisimamishwe siku tatu kabla. Mtu yuko kwenye mlo wa kalori chache wiki mbili ili ini lisinyae, wanga hana, insulini imepunguzwa, halafu glifozini iko ndani. Anapata asidi kwenye damu huku mashine inasoma sukari 9 au 10 tu, haitishi mtu. Anapumua haraka, anatapika, zamu inasema ni maumivu ya kidonda. Pimeni ketoni, ndiyo hiyo asidi.

#18 Nesi_wa_Zamu
DawaBaridi kaanza, naongeza. Mapigo ya moyo yakipita 120 na hayashuki baada ya maji na dawa ya maumivu, usisubiri homa. Ni mshono wa pini umevuja mpaka ithibitike vinginevyo. Kwenye slivu uvujaji hupenda kule juu kabisa, karibu na koo la chakula linapoingia tumboni, na unaweza kuja hata baada ya wiki, mtu ameshakwenda nyumbani. Tumbo la mtu mnene haliwi gumu kama la mwembamba, ukilibonyeza linakudanganya. Mapigo hayadanganyi.

La pili: anayetapika wiki mbili tatu mfululizo, akifika wodini watu wanakimbilia dripu ya dekstrosi. Thiamini kwanza! Miligramu 200 au zaidi kwenye mshipa, ndipo sukari ifuate. Akiba ya thiamini mwilini ni ya wiki chache tu. Ukimwaga sukari kwenye mwili usio nayo, macho yanaanza kucheza, anayumba, anasahau, na sehemu ya hayo hairudi.

#19 Tausi_wa_Pwani
Hii ya thiamini ingebandikwa ukutani kila mapokezi ya dharura.

#20 Maabara_Darubini
Mmetaja HbA1c mara ishirini na hamjasema kasoro yake kwa watu wetu. Mwenye nusu seli mundu (aliyerithi kwa mzazi mmoja tu), na huku Ziwa na Pwani wapo wengi, mashine nyingine zinamsoma chini kuliko hali halisi. Anayevunja seli nyekundu kwa malaria au ugonjwa mwingine naye anasomeka chini. Kinyume chake, upungufu wa madini ya chuma unaipandisha, na baada ya baipasi upungufu wa chuma ni wa kawaida. Mtu anaambiwa "sukari imerudi, 6.8", kumbe ni damu. Wekeni na kipimo cha asubuhi kabla ya kula, na fruktosamini (wastani wa sukari wa wiki mbili tatu) ikipatikana.

#21 MtoaHoja
Kumbe hata hiyo asilimia inategemea mashine! Sasa nani ana nafasi nzuri ya kulala bila dawa? Au ni bahati nasibu?

#22 MpigaPini
Si bahati nasibu. Kuna hesabu inaitwa DiaRem, iliyotengenezwa Pennsylvania kwa wagonjwa wa baipasi. Inaanzia 0 mpaka 22, ndogo ndiyo nzuri.

Umri: chini ya 40 ni 0, 40–49 ni 1, 50–59 ni 2, 60 kupanda ni 3.
HbA1c: chini ya 6.5 ni 0, 6.5–6.9 ni 2, 7.0–8.9 ni 4, 9 kupanda ni 6.
Dawa za sukari za kumeza zaidi ya metfomini: 3.
Insulini: 10. Peke yake, 10.

Mfano: mama wa miaka 52, HbA1c 9.4, yuko kwenye metfomini na glibenklamidi. 2+6+3 = 11. Kundi la 8–12 nafasi yake ni kama robo mpaka nusu. Mwekee insulini anakuwa 21, na wenye zaidi ya 17 ni wachache sana waliolala. Kijana wa 38 aliyegundulika mwaka jana, HbA1c 6.7, metfomini tu: ana 2. Huyo karibu 9 kati ya 10.

#23 KongoshoTaabani
Ndiyo maana nasema tunapeleka watu wamechelewa. Ila DiaRem haiulizi umeugua miaka mingapi wala kongosho limebaki na nini. Wei-Jei Lee wa Taiwan ana ile ya herufi nne: umri, BMI, C-peptidi, muda. Mimi C-peptidi, inayoonyesha kongosho bado linatoa insulini kiasi gani, siiachi. Ikiwa chini sana, pima na kingamwili za GAD (dalili ya mwili kulishambulia kongosho lake), pengine si aina ya 2 kabisa, ni aina ya 1 iliyokuja ukubwani. Huyo ukimkata tumbo ukamwondolea insulini, utamwua.

Na macho yapigwe picha kabla. Sukari ya miaka mingi ikiporomoka ghafla, retina iliyokwishachoka inaweza kuharibika zaidi miezi ya mwanzo.

#24 MlaUgali
Nasoma kimya tangu #1. Swali la kiume: ugali unaruhusiwa?

#25 LisheKwanza
Nilijua litafika, kaka 😄. Wiki ya kwanza ni vya majimaji tu. Kisha uji mwepesi uliochujwa, mtindi, supu yenye nyama iliyosagwa. Laini kuanzia kama wiki ya tatu, kigumu mwezi na nusu hivi. Ugali, chapati na mkate laini ndivyo vinavyokwama zaidi, kwa sababu vinajikusanya tonge moja kwenye mlango wa kifuko. Wengine hawaviwezi hata mwaka wa kwanza.

Kinachotangulia sahani ni protini, gramu 60 mpaka 80 kwa siku. Yai moja ni gramu 6 tu, piga hesabu. Dagaa, samaki, maziwa, kunde iliyopondwa. Halafu usinywe na chakula; maji nusu saa baada ya kula.

Vidonge ni vya maisha, si vya miezi mitatu: chuma miligramu 45 mpaka 60, kalsiamu 1200 mpaka 1500 iliyogawanywa, na iwe ya sitireti, kwa sababu ile ya kabonati inataka asidi ambayo kifuko hakina. B12 mikrogramu 350 mpaka 1000 kila siku au sindano ya 1000 kila mwezi. Vitamini D uniti 3000. Chuma na kalsiamu visikutane, vipishane saa mbili. Na chuma kisimezwe na chai ya rangi! Watu wetu wanameza kila kitu na chai.

#26 MlaUgali
Na mtori?

#27 Homoni_Kidogo
Tunajadili duodenamu mtu yuko Moshi.

#28 LisheKwanza
Acheni utani, mtori ni chakula kizuri cha hatua ya laini, nyama isagwe kweli kweli. Kasoro ni ndizi, wanga mwingi na unateleza. Soda, juisi ya miwa, halua na tende nyingi kwa mpigo ni hatari zaidi kwa aliyefanyiwa baipasi: dakika 10 mpaka 30 tumbo linasokota, moyo unadunda, jasho. Kisha kuna ile ya saa moja mpaka tatu baadaye, sukari inaporomoka. Hiyo huja zaidi baada ya mwaka na watu wanaiita "presha ya kushuka".

#29 Nesi_wa_Zamu
Na diklofenaki. Mgongo unauma, anakwenda duka la dawa, anapewa. Pale kwenye mshono wa kifuko na utumbo hakuna kinga, kidonda kinachimba. Sigara hivyo hivyo. Na bakteria wa vidonda vya tumbo wapimwe na kutibiwa kabla, maana baadaye lile tumbo la chini kamera ya kawaida hailifikii.

#30 Tausi_wa_Pwani
Basi si afadhali slivu, hakuna kuunganisha unganisha?

#31 MpigaPini
Wengi wanaichagua kwa sababu hiyo. Wafini waliwafuatilia miaka 10: uzito, baipasi ilizidi kidogo, waliolala bila dawa za sukari 26% slivu, 33% baipasi, pengo ambalo si la kuapia. Ila kamera ilipoingia, michubuko ya koo la chakula ilikuwa 31% kwa slivu, 7% kwa baipasi. Kwa hiyo mwenye kiungulia kikali tangu mwanzo namsukuma kwenye baipasi. Asiyeweza kufuata vidonge, au anayeishi mbali na mashine ya CT (picha za ndani ya mwili), namsukuma kwenye slivu. Baipasi ina mlango wa nyuma: miaka miwili baadaye, mafuta ya ndani yameisha, utumbo unaweza kupenya kwenye uwazi tuliouacha na kujisokota. Maumivu ya kuja na kuondoka baada ya kula, damu na eksirei kawaida. Huyo asirudishwe nyumbani na dawa ya gesi.

#32 Kipato_Kidogo
Vipi puto la tumboni? Nasikia hospitali ya Mloganzila wanaweka. Na hizi sindano za wiki za kupunguza uzito?

#33 DawaBaridi
Puto si upasuaji. Linaingizwa kwa kamera, linajazwa maji ya chumvi mililita 400 mpaka 700 yenye rangi ya bluu, mara nyingi linatolewa mwezi wa sita. Ile bluu ni kengele: mkojo ukigeuka bluu au kijani, puto limevuja, wahi kabla halijashuka kuziba utumbo. Uzito hurudi kwa wengi likishatoka. Kama daraja la kumfikisha mtu mzito sana kwenye operesheni, sawa.

Sindano: semaglutidi ya miligramu 2.4 ilipunguza karibu 15% ya uzito kwa wiki 68, tirzepatidi ya miligramu 15 karibu 21% kwa wiki 72, hao wakiwa wasio na kisukari. Wenye kisukari hupungua kidogo kuliko hapo. Ukiacha semaglutidi, ndani ya mwaka theluthi mbili ya uliopungua inarudi.

#34 Homoni_Kidogo
Unaona? GLP-1 ya sindano inafanya kazi, ya utumbo mnaikataa.

#35 KongoshoTaabani
Inafanya kazi kwa sababu mtu HALI. Tumerudi #12.

#36 MpigaPini
Mnafukuzana kuzunguka mbuyu ule ule. Na hakuna aliyemjibu Rubino bado.

#37 MtoaHoja
Asanteni, nimekopi kuanzia #17 mpaka #31. Kwenye grupu nitaandika "inalala".

#38 MpigaPini
Andika na mwaka.

#39 MlaUgali
LisheKwanza samahani, la mwisho. Mtori unahesabiwa chakula au maji? Ile nusu saa naanza kuihesabu wapi?

#40 LisheKwanza
Chakula. Hesabu kuanzia kijiko cha mwisho, na kijiko kiwe cha chai.